Kilo Nne za Risasi

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tuliseme mapema, tusije tukamtafuta mchawi mtaa mzima na kumbe tumekaa naye, tunakunywa naye chai. Kisa chenyewe kina watu watatu, na wawili kati yao walitumia akili zao vizuri kabisa. Wa tatu ndiye Pumzi.

Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na kazi. Alikuwa fundi wa vifaa vya kuzamia, na sifa yake kubwa ilikuwa kwenye vipumulio, yale madude yenye mdomo wa mpira ambayo mzamiaji huyang'ata akiwa chini ya maji, hewa ya mtungi ikamfikia kidogo kidogo, kwa kipimo. Kipumulio kikifanya utani, mtu harudi juu. Kwa hiyo wazamiaji wa pale bandarini hawakuwa wakisema "nampelekea fundi." Walisema "nampelekea Pumzi," na mtu akilala usingizi mzuri usiku wa kuamkia kazi, basi kipumulio chake kimetoka kwenye mikono ile.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Meza ndefu, beseni la maji safi, mzani wa kuning'iniza darini, na kamba iliyoanikwa suti nyeusi za mpira, zimelegea mikono kama wakwe waliosusa. Mlango wa pembeni ulifungukia chumba cha mama yake, fundi cherehani. Mama na mwana walisikiana kila kitu, hata kikohozi.

Mwanamke aliyekuja asubuhi ile na begi kubwa begani ndiye ambaye Pumzi alikuwa akimwita Kina. Kazi yake ilikuwa kukagua matumbo ya meli. Miaka miwili nyuma aliingia mlango huohuo, akaweka kipumulio mezani, akasema:

"Fundi, hiki kinanung'unika."

"Kinanung'unika au kinavuja?"

"Kingekuwa kinavuja ningekuambia kinalia."

Pumzi alicheka mpaka spana ikamponyoka ikaangukia kidole cha mguu. Kidole kilipona baada ya wiki mbili. Kilichobaki hakijapona hadi leo.

Sasa Kina alikuwa anaondoka. Amepata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka miwili, ndege saa tisa alasiri. Mwezi mmoja kabla ya hapo alimjia Pumzi, akasimama palepale mlangoni, akamwambia, "Wamenipa mpaka Ijumaa niwajibu. Wewe una la kusema?"

Naye Pumzi, mwanamume mzima, mwenye ulimi na meno yote, alimjibu hivi: "Maji ya huko ni baridi. Itabidi ubadilishe suti."

Kina alishika kitasa cha mlango. Kisha akasema, "Asante kwa ushauri." Ijumaa akawajibu wale watu kwamba anakwenda.

*

"Haya, nisomee," Kina alisema asubuhi ile, amepiga magoti sakafuni mbele ya begi lililo wazi. "Wewe soma, mimi nafungasha. Ukikosea nikakamatwa, nitakutaja."

Pumzi alichukua karatasi. "Mapezi."

"Yapo. Nimeyalaza pembeni, yanazuia begi lisipondwe."

"Suti."

"Ipo. Ile nzito. Si ulinishauri?"

Pumzi akakohoa. Chumba cha pili cherehani ikasimama kidogo, kama iliyotega sikio, ikaendelea.

"Miwani?"

"Ndani ya pezi la kulia."

"Kisu?"

"Kwenye begi hili kubwa, chini kabisa. Sitaki kukaa nacho kwenye kiti, nikamtisha jirani."

"Tochi?"

"Ipo."

"Betri umeitoa?"

Kina akajishughulisha na zipu.

"Kina, betri."

"Nilitaka kuona kama unasoma au unanitazama."

"Nafanya yote mawili," alisema Pumzi, na mara akainamisha macho kwenye karatasi kama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni. "Toa. Tochi ya kuzamia ikijiwasha ndani ya begi inaunguza kila kitu. Betri unaibeba mkononi, ncha zake uzifunge kwa utepe."

Kina akafungua tochi, akamrushia betri. Pumzi alikata utepe taratibu kuliko inavyohitajika utepe kukatwa.

"Mtungi mdogo wa akiba?"

"Koki umeitoa mwenyewe jana. Anayetaka kuchungulia achungulie, ataona ukuta wa nyuma."

"Mara ya mwisho kuzama lini?"

"Juzi asubuhi."

"Hukugusa maji jana? Kweli? Mwili ukitoka kwenye kina ukapanda ndege siku hiyohiyo, mapovu yanakufanyia vurugu kwenye damu."

"Jana nilioga tu, Fundi. Na nililia kidogo, sijui kama nayo inahesabika."

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe uliishia njiani. Wakatazamana. Kina alikuwa na alama mbili hafifu mashavuni, zile za ukingo wa miwani ya kuzamia, hazikumtoka hata siku za mapumziko. Mara ngapi Pumzi alitamani kuzigusa kwa kidole gumba! Na mara ngapi kidole kiliishia kugusa spana!

"Hii hapa ya mwisho," alisema haraka. "Risasi."

"Risasi haipandi ndege."

"Haipandi. Unajaza begi kwa kitu kizito kisicho na maana, na huko uendako risasi zimejaa." Alionyesha kwa kidevu rafu ya vipande vya risasi, vile vya kilo moja moja ambavyo mzamiaji hujifunga ili azame asielee. "Halafu ukifika uwanjani, neno lenyewe usilitaje. Unamkumbuka yule jamaa wa mapezi mekundu?"

Kina akaanza kucheka. "Aliyeulizwa mfukoni ana nini?"

"Akasema, 'Risasi tu, afande.' Tu!"

"Walimvua mpaka soksi!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikawapeleka karibu, mabega yakagusana. Kisha kikaisha, na mabega hayakujua yafanye nini.

Pumzi alining'iniza begi kwenye mzani. Kilo ishirini na mbili na nusu. Mwisho unaoruhusiwa ishirini na tatu.

"Umepona kwa nusu kilo," alisema.

"Mzani wako haukosei," alisema Kina. Akachukua kipumulio chake, alichokifanyia matengenezo Pumzi usiku wote wa juzi, akakifunga kwenye fulana laini na kukitia kwenye begi dogo la mkononi. "Hiki hakikai kwa mizigo. Hiki nakaa nacho mapajani."

*

Mama aliingia na mkanda wa begi, ule wa kubebea begani, aliokuwa ameushona upya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, binti. Nimeupitisha uzi mara nne. Hata ukirudi na mume na watoto watatu, mkanda utakuwa mzima."

"Nikirudi na mume nitamleta umpunguzie suruali, Mama."

"Mlete. Ila nitampima mimi, usinipimie wewe, nyie mna kawaida ya kupima vitu chini ya maji, vikaonekana vikubwa."

Hapa msomaji ajue jambo. Mwaka mmoja kabla, Pumzi alimgusia mama yake habari ya kuoa, na mama akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Mwanamke anayeshinda chini ya maji? Watoto atalea nani, samaki?" Maneno yaliishia hapo. Pumzi aliyabeba akaenda nayo mwaka mzima, hakuyapeleka mbele wala hakuyarudisha. Kina aliyasikia, maana ukuta ule ni wa mbao, akamwambia siku ileile, "Zungumza na mama yako. Nakusubiri." Akasubiri.

Sasa Kina alitoka nje kumpigia simu dereva wa teksi. Mama akabaki anafunga mkanda kwenye begi, akasema kwa sauti ya chini:

"Unamwacha aende?"

"Si wewe uliyekataa?"

"Mimi?" Mama aliinuka, mkono kiunoni. "Mimi nilikataa mara moja, siku moja, mgongo unaniuma na nguo ya bibi harusi imeharibika. Ndiyo ukakataliwa mwaka mzima? Baba yako alikataliwa mara saba, na mara ya saba alifukuzwa na mbwa. Na wewe umetoka wapi, kama si kwa huyohuyo?"

"Mama, sasa tena..."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nilisema sitaki. Sikusema usiseme."

Akarudi kwenye cherehani yake. Pale, msomaji, ndipo palipokuwa na mlango wazi. Kina alikuwa nje, hatua kumi. Neno lenyewe lilikuwa fupi: baki. Silabi mbili, hata mwenye kigugumizi analimaliza.

Lakini Pumzi alikuwa mtu wa mikono. Kitu kikiharibika, hakukisemesha. Alikifungua, akakirekebisha, akakifunga. Aliitazama rafu. Akalitazama begi. Akili ikamnong'oneza, tena kwa sauti tamu kabisa, kwamba begi likizidi uzito uwanjani, patakuwa na kupakua na kupakia, foleni itasogea, kaunta itafungwa, ndege itaondoka. Kina atarudi karakana amekasirika. Yeye atamtengenezea chai. Na kwa utulivu, bila haraka ya teksi, atamwambia kila kitu. Alikuwa ameshaona hadi kikombe.

Akachukua vipande vinne vya risasi. Akavitia kwenye mifuko ya koti la kuelea, lile la mzamiaji la kujazwa hewa, lililokuwa katikati ya begi, viwili kushoto na viwili kulia, asije akaliegemeza upande. Fundi ni fundi, hata kwenye upumbavu anasawazisha.

*

Uwanja wa ndege ulikuwa na sakafu inayong'aa na watu wanaokumbatiana. Pumzi alibeba begi mwenyewe toka kwenye teksi, na Kina alipotaka kumsaidia alimkatalia kwa nguvu mpaka Kina akacheka: "Leo umekuwa na uungwana wa hatari."

Karani wa kaunta, dada mmoja mwenye miwani na uso uliochoka, alitazama mzani wake.

"Ishirini na sita na nusu. Punguza, mpenzi. Tuna dakika ishirini tunafunga."

"Haiwezekani," alisema Kina.

"Mzani ndio huo."

"Mzani wako utakuwa na tatizo."

"Dada, mzani huu umepima watu mia mbili leo."

"Sikiliza, ndugu yangu," Kina alisema, na akamgeukia Pumzi, akamshika mkono mbele ya foleni nzima, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Mzigo huu umepimwa na huyu. Mimi nikiwa chini kule, giza, sioni hata vidole vyangu, napumua kwa mikono ya mtu huyu. Miaka miwili. Hajawahi kunikosea hata pumzi moja. Akisema ishirini na mbili na nusu, ni ishirini na mbili na nusu."

Pumzi alihisi kiganja kile, kikavu na kigumu kwa kamba, kimemshika kama mtu aliyekamata ukweli. Laiti angemtukana! Laiti angemshuku kidogo tu!

"Basi punguza tuone," alisema karani, si kwa ubaya.

Kina akapiga magoti, akafungua zipu. Akatoa mapezi, akayalaza sakafuni. Akatoa miwani. Akatoa suti nzito, ile ya ushauri, akaikunja kifuani, akaitazama kama anayechagua mtoto wa kumwacha. Watu wa nyuma walianza kusonya. "Nitaacha hii," alisema. "Nitavumilia baridi. Eti Pumzi, nitavumilia?"

Hapo ndipo roho ya Pumzi ilipokatika. Alifungua mdomo. Mwaka mzima mdomo ule ulikuwa umefungwa kwa skrubu, na sasa ukafunguka wote kwa mara moja, kwa sauti ya mtu anayeita akiwa ng'ambo ya mto:

"Usiiache! Ni risasi! Kuna risasi kwenye begi!"

Msomaji, umewahi kuona foleni ikitoweka? Mama mmoja alilala juu ya mtoto wake. Mzee mwenye bakora aliruka mkokoteni wa mizigo kama kijana wa miaka kumi na saba. Askari wawili walitokea, mmoja mkono kiunoni, "Mikono juu! Mikono juu wote!" na karani mwenye miwani hakuonekana tena, ilibaki sauti yake chini ya kaunta ikimtaja Mungu.

Kina hakuinua mikono. Alibaki amepiga magoti, anamtazama Pumzi. Taratibu, mbele ya macho ya askari, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto wa koti la kuelea. Akatoa kipande cha kwanza, akakiweka sakafuni. Kikalia *tu*. Cha pili. Akaingiza mkono mfuko wa kulia. Alijua vitakuwa viwili. Alimjua fundi wake.

"Ni madini ya risasi, afande," alisema bila kumtazama askari. "Ya kuzamia. Hailipuki. Imeshalipuka."

Askari alikigeuza kipande kwa ncha ya kiatu, akakiokota, akakipima mkononi, akamtazama Pumzi kwa huruma iliyochanganyika na dharau. "Na wewe, bwana, ukasahau kuna neno 'uzito'?" Akamrudishia Pumzi, aliyekuwa ameokota vile vingine vitatu, akaondoka anatikisa kichwa.

Karani akachomoza. Begi likarudishwa kwenye mzani na kila kitu chake, suti ikiwemo. Ishirini na mbili na nusu.

"Kumbe hukukosea," alisema Kina.

"Kina..."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ubaki."

"Ukaona unifunge risasi."

"Nilifikiri ukichelewa tu, turudi, tuzungumze."

"Tuzungumze! Mwezi mzima ulikuwa wapi? Nimesimama mlangoni kwako nimekuuliza una la kusema, ukanivalisha suti. Mwaka mzima nasubiri neno moja, Pumzi, moja tu, na siku umejaliwa kufungua mdomo mbele za watu, ukasema *risasi*."

Hakupaza sauti. Machozi yalikuwa yanamshuka kwa utulivu, yanafuata njia za zile alama mbili za mashavuni. Akafungua begi dogo la mkononi, akatoa kile kilichofungwa kwenye fulana laini, akamwekea Pumzi mikononi juu ya vile vipande vinne.

"Si hiki," alisema Pumzi. Sasa ndiyo aliogopa kweli. "Hiki sikukigusa. Nakuapia kwa mama yangu. Hiki nilikifunga kwa mikono miwili na moyo wangu wote."

"Najua."

"Basi kichukue."

"Najua... labda." Akafuta shavu kwa mgongo wa mkono. "Na hiyo 'labda', siwezi kushuka nayo mita thelathini. Watanipa kingine huko. Kitanung'unika, nitakizoea."

Karani aligonga muhuri. Begi likaanza kusogea kwenye mkanda wake wa mpira, polepole, na ule mkanda mwingine, wa mama, ulioshonwa uzi mara nne, ukining'inia pembeni kama mkono unaoaga.

Na hapo, jamani, lile neno likaja. Lilikuja lenyewe, bila kuitwa, zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Pumzi alisimama katikati ya uwanja, kilo nne za risasi na kipumulio kimoja vimemlemea kifuani, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wauza magazeti:

"Baki. Nataka kukuoa. Mama hakatai, na hata akikataa nitarudi mara saba. Usiende, Kina. Baki na mimi."

Foleni yote iligeuka. Yule mzee mwenye bakora, ambaye alikuwa bado anahema, alisema kwa upole, "Mjibu, binti. Mjibu tu, na sisi tusogee."

Kina alimtazama Pumzi kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akimtazama kila siku kabla ya kushuka, kana kwamba anahesabu kilichobaki kwenye mtungi. Kisha akatazama kule ukutani, kwenye lile tundu lenye pazia la mpira, ambako begi lake lilikuwa linamalizikia kuingia.

"Mzigo wangu umeshapimwa, Pumzi."